Gugu la Majani ya Dhahabu

Kazi ya kwanza ya Chiriku kila asubuhi ilikuwa kunywesha nyanya. Alichota maji mferejini kwa kopo lenye matundu, akapita mstari baada ya mstari akimwagilia shinani na wala si juu ya majani, kama alivyofundishwa. Akimaliza alinawa miguu, akavaa sare, akakimbilia shule huku bado anatafuna.

Jina lake hasa walilitumia walimu tu, tena wakati wa kuita mahudhurio. Watu wengine wote walimwita Chiriku, kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haujui kupumzika, mfano wa ndege yule. Asipopata mtu wa kuzungumza naye, alizungumza na nyanya. Mama Mkubwa, dada ya mama yake aliyekuwa akimlea, alimwonya kwa utani asizichoshe nyanya zake kwa habari za shule, zisije zikaiva kabla ya wakati ili tu zipate kuondoka.

Shamba lile ndilo lililowalisha. Mama Mkubwa alikuwa bingwa wa nyanya, na alijua kwamba ni bingwa. Sokoni wanunuzi waliuliza kwanza kama makreti yake yamefika, ndipo wakatazama ya wengine. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde bila kupanda juu ya kitu chochote, na akisema jambo, lilikuwa limesemwa.

Chiriku naye alikuwa na ubingwa wake. Alipenda maua. Siku moja, kandokando ya mfereji, aliona mmea uliomsimamisha. Lilikuwa gugu tu, lile lenye maua madogo ya zambarau ambalo wakulima huling'oa na kulitupa bila kulitazama mara mbili. Lakini majani ya hili yalikuwa na mishipa ya njano iliyong'aa juu ya kijani, kama wavu uliofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Alilichimba pamoja na udongo wake, akalipanda kando ya uzio uliotenganisha ua wa nyumba na shamba la nyanya. Akaliita Dhahabu.

Dhahabu ilishika vizuri. Chiriku alikata vijiti vyake, akavichomeka ardhini, na kila kijiti kiliota majani yenye wavu ule ule. Alijaribu pia kupanda mbegu zake. Hizo zilimshangaza, kwa sababu miche yote iliota ya kijani kitupu, kama gugu la kawaida. Aliiacha iwepo tu. Baada ya muda baadhi yake ilianza kubadilika yenyewe, jani moja moja, mpaka ikawa na rangi ya njano kama wenzake. Chiriku alifurahi sana. Alisema miche ile imeona wenzake wamependeza ikaona wivu.

Hazikupita wiki nyingi, uzio mzima ukawa unang'aa. Wapita njia walisimama kutazama. Fundi cherehani wa jirani aliomba shina moja, akalipanda kwenye kopo mlangoni kwake. Mwalimu wa darasa akachukua mawili. Chiriku aligawa kwa moyo mweupe, na kila aliyepewa alipewa na hotuba.

Msimu huo ndipo nyanya zilipoanza kukataa.

Miche iliyohamishwa kutoka kitaluni ilisimama siku za mwanzo vizuri, halafu ikadumaa. Majani ya juu yalijikunja kama vikombe vidogo, kingo zake zikawa za njano. Maua yalitoka machache, na hayo machache yakapukutika kabla ya kufunga tunda. Mama Mkubwa aliongeza samadi, akaongeza maji, akapalilia upya. Nyanya zilibaki vile vile, zimejikunyata kama watu wanaosikia baridi. Shamba la jirani nalo likaanza kuonyesha dalili hizo hizo.

Mama Mkubwa hakuwa mtu wa kukaa na jambo moyoni. Aling'oa mche mmoja mgonjwa, akaenda nao moja kwa moja kwenye duka la mbegu pale sokoni. Mwenye duka, mtu mpole ambaye wateja walimwita Bwana Mbegu, alijaribu kueleza kwamba mbegu zile zile aliwauzia wakulima wa upande wa pili wa kilima na hakuna aliyelalamika. Mama Mkubwa alimjibu kwamba wale hawajalalamika kwa sababu bado hawajatapeliwa vya kutosha. Alilisema hilo kwa ile sauti yake. Kufikia jioni hakuna aliyekuwa hajasikia kwamba dukani kwa Bwana Mbegu kunauzwa mbegu bandia.

Bwana Mbegu alikuwa na binti aliyekaa dawati moja na Chiriku. Kwa kuwa Chiriku alisema kwa niaba ya wote wawili, yule rafiki alikuwa amepewa jina la Kimya. Kesho yake wanafunzi wawili watatu walimwita Kimya "mbegu bandia" wakati wa mapumziko. Yeye alifungua kitabu, akakiinamia, lakini hakugeuza ukurasa hata mmoja.

Siku chache baadaye afisa kilimo aliitwa kuja kutazama shamba. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye pikipiki iliyojaa matope, na watu walimwita Bibi Shamba. Alitembea katikati ya mistari bila haraka, akachuchumaa, akapiga jani moja kwa kidole. Chini ya jani likatoka kundi la vidudu vyeupe, vidogo kama chembe za unga. Vikazunguka hewani kidogo, vikarudi kutua.

"Hawa ni nzi weupe," alisema. "Nzi mwenyewe si ugonjwa. Yeye ni mchukuzi. Anafyonza utomvu wa mmea mgonjwa, virusi vinaingia mwilini mwake, kisha akihamia kwenye mmea mzima anauchoma kwa mdomo ule ule na kuuachia virusi. Ni kama sindano moja kuchoma watu wengi."

Mama Mkubwa alisema kama ni hivyo, atapiga dawa leo leo wafe wote, yaishe.

"Hayataishia hapo," Bibi Shamba alijibu. "Ukiwaua wa leo, kesho watakuja wengine kutoka nje ya shamba. Tena wakizoea dawa, utamaliza chupa na wao watakuwa wanacheka. Nzi wako kila mahali, Mama. Cha kujiuliza ni huu ugonjwa wanaupata wapi. Hawazaliwi nao. Wanauokota mahali."

Akauliza kama kuna nyanya za msimu uliopita zilizoachwa zikisimama, au magugu yenye majani ya njano. Mama Mkubwa aliapa kwamba shamba lake ni safi kama sahani, na kwa upande wa shamba ilikuwa kweli. Hakuna aliyefikiria maua ya uzioni. Gugu likishapandwa kando ya nyumba na kupewa jina, linakuwa limepandishwa cheo. Nani tena ataliita gugu?

Mvua ikaanza kunyesha. Bibi Shamba aliwasha pikipiki yake, akaahidi kurudi siku ya mkutano wa wakulima. Alipoondoka, Mama Mkubwa alitikisa kichwa. Alisema haiwezekani kidudu cha kupeperushwa na chafya kiangushe shamba zima. Yeye bado alikuwa na neno lake la kusema mkutanoni kuhusu mbegu, na angehakikisha hakuna mtu anayekanyaga tena duka lile.

Chiriku alikuwa amesimama pale muda wote. Maneno mawili yalikuwa yamemganda kichwani: majani ya njano. Usiku ule alikula bila kusema kitu, mpaka Mama Mkubwa akamgusa shavu kuona kama ana homa.

Kesho yake alipotoka shule aliweka mkoba chini na kuingia shambani. Alikuwa mtoto wa kutaka kuona kwa macho yake. Alianzia mwisho wa shamba, mbali kabisa na nyumba. Huko mimea mingi ilikuwa mizima, ikiwa imefunga hata matunda. Alipokuja katikati, iliyokunjamana ilianza kuwa mingi. Alipofika kwenye mistari ya mwisho, ile iliyopakana na uzio, hakupata hata mmoja uliopona. Ilikuwa kana kwamba mtu alimwaga maji uzioni yakatiririka kuelekea bondeni.

Alinyoosha mkono, akapiga jani la Dhahabu kwa kidole.

Nzi weupe waliruka kwa wingi kiasi kwamba alifumba macho.

Alikaa chini palepale akafikiri. Mbegu za Dhahabu ziliota kijani. Vijiti vyake viliota njano. Na miche ya kijani iliyokaa karibu ikageuka njano baadaye. Kama njano ingekuwa rangi yake ya kuzaliwa, mbegu zingeirithi. Haikuwa rangi. Ule wavu mzuri wa dhahabu ulikuwa ugonjwa, na miche ile haikuwa imeona wivu. Ilikuwa imeambukizwa. Na aliyeupanda ugonjwa, akaukata vipande, akauchomeka kando ya nyanya na kuugawa mtaa mzima pamoja na hotuba, alikuwa yeye.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa jepesi. Mama Mkubwa alikuwa bado sokoni. Angeweza kuyang'oa yote sasa hivi, akayatupa mbali, na mtu akiuliza aseme yamenyauka. Alishika shina la kwanza akalivuta. Lilitoka kirahisi, na papo hapo nzi waliokuwa wamelala chini ya majani wakatimka kama majivu yaliyopulizwa. Upepo uliwachukua moja kwa moja hadi kwenye nyanya.

Chiriku alibaki amesimama, shina mkononi, mdomo wazi. Alichotaka kukificha alikuwa amekisambaza zaidi. Akafikiria mkutano wa wakulima, na Mama Mkubwa akisimama mbele ya watu na ile sauti yake, na Kimya nyumbani kwao akisubiri baba yake arudi.

Mama Mkubwa aliporudi, alimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango. Chiriku hakumpa nafasi ya kupumua. Alimweleza yote tangu mferejini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza chumvi mahali popote. Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alizunguka nyumba, akaenda uzioni peke yake, akapiga jani kwa kidole, akatazama wale nzi wakiruka na kutua. Alikaa huko kitambo.

Aliporudi uso wake ulikuwa mgumu.

"Ungeweza kung'oa ukanyamaza," alisema.

"Niling'oa moja, Mama Mkubwa."

"Na nini kilikuzuia?"

"Nzi waliruka wakaingia kwenye nyanya. Halafu nikamkumbuka Kimya. Wanamwita mbegu bandia. Nimebaki mimi tu wa kukaa naye, na hata mimi siku hizi nilikuwa nasogea pembeni kidogo, ili nisionekane niko naye."

Mama Mkubwa aliketi kwenye ngazi ile ile. Alivua kitambaa cha kichwani, akajifuta uso, akakikunja magotini.

"Basi tuko wawili," alisema. "Wewe umepanda gugu, mimi nimepanda maneno. Gugu linang'oka kwa mkono. Maneno sijui tutayang'oaje, lakini tutaanza."

Mkutano ulifanyika katika darasa kubwa la shule. Wakulima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Bwana Mbegu alikuja, akasimama nyuma karibu na mlango. Mama Mkubwa aliposimama watu walinyamaza wakingoja moto. Badala yake aliwaambia kwamba alimshtaki mtu bila ushahidi, kwamba mbegu hazina kosa, na kwamba anaomba radhi mbele ya wote waliomsikia.

Bwana Mbegu hakutabasamu. Alisema ameyapokea, lakini waliosikia lile la kwanza ni wengi kuliko waliomo humu ndani, kwa kuwa lilisemwa sokoni. Mama Mkubwa alikubali kwamba ni haki yake. Siku ya soko atasimama pale pale, alisema, na kwa sauti ile ile. Hapo ndipo Bwana Mbegu alipotafuta mahali akakaa.

Kisha Chiriku aliitwa mbele. Alikuwa ameleta tawi la Dhahabu ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, umefungwa kwa uzi, nzi wakionekana wakitambaa ndani. Aliwaeleza alivyoliokota, mbegu zilivyoota kijani, na jinsi ugonjwa ulivyokuwa mwingi uzioni ukipungua kadiri unavyokwenda mbali. Jambo alilolichunguza mwenyewe, alikuwa na uhakika nalo.

Bibi Shamba alisema hawezi kuapa, maana virusi ni vya aina nyingi na vingine hukaa kwenye magugu bila kuigusa nyanya. Kujua kwa hakika kunahitaji kipimo cha maabara. Hata hivyo gugu lile likiwa zima majani yake ni ya kijani tu, na mtoto huyu ameyasoma mazingira kama yanavyopasa kusomwa. Kwa hiyo wasingoje kipimo. Mkulima mmoja akasema taratibu, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," na darasa zima likacheka, Chiriku naye akiwemo.

Ubishi haukukosekana. Mzee mmoja alisema nyanya zake za zamani zingali zikizaa tunda mojamoja na hana sababu ya kuzing'oa kwa ajili ya shamba la mwenzake. Bibi Shamba alimuuliza kama amewahi kumwona nzi akisimama mpakani kuomba ruhusa. Wakaendelea kubishana, lakini mwisho walikubaliana. Wote wangeng'oa kwa pamoja magugu ya mferejini na nyanya zote kuukuu. Wangefanya asubuhi na mapema, wakati baridi imewafanya nzi kuwa wazito, wakivika kila mmea mfuko kabla ya kuung'oa, kisha kufukia. Mashamba yangepumzika bila nyanya kwa muda, yapandwe mahindi na vitunguu, ili nzi wenye virusi wafe bila kupata mahali pa kuviachia. Na miche mipya ingekuzwa ndani ya chandarua chenye matundu madogo kuliko mdudu.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya Chiriku: kurudisha alichokigawa. Alikwenda na Kimya, mlango kwa mlango, na mifuko chini ya kwapa. Mwalimu alitoa yake papo hapo. Fundi cherehani alikataa. Alisema wateja wake wote wanalisifu ua lile, na kwamba yeye halimi nyanya wala hana mpango wa kulima. Chiriku alijieleza mpaka akaishiwa pumzi. Fundi aliendelea kukanyaga cherehani yake.

Kimya ndiye aliyesema.

"Fundi, mteja akikuletea kitambaa kizuri sana, lakini kina chawa, utakiweka juu ya vitambaa vya wengine?"

Cherehani ilisimama. Fundi alimtazama yule mtoto ambaye hakuwahi kusikia sauti yake, kisha akalitazama kopo mlangoni. Alicheka mwenyewe, akainuka, akashika mdomo wa mfuko wakati Chiriku akilivika lile ua.

Msimu uliofuata nyanya zilisimama. Haikuwa miujiza, hapa na pale mmea mmoja ulijikunja, na Chiriku aliuwahi, akauvika mfuko na kuung'oa siku ile ile. Lakini mistari ilikuwa ya kijani kutoka mwanzo mpaka mwisho, matunda yamening'inia kwa vichala hadi fito za kuegemea zikapinda. Mama Mkubwa alikuwa ameshasimama sokoni kama alivyoahidi, na watu wakasema hawajawahi kusikia mtu akiomba radhi kwa sauti kubwa kiasi kile. Duka la Bwana Mbegu lilijaa tena, na sasa liliuza pia vyandarua vya vitalu.

Asubuhi ya mavuno Kimya alikuja kusaidia. Walichambua nyanya kivulini, zilizoiva kwenye kreti moja, za kusafirishwa mbali kwenye jingine. Chiriku alisema bado humuuma akikumbuka kwamba maradhi yale yote yalitokana na mikono yake.

Mama Mkubwa aliweka chini nyanya aliyoishika.

"Sikilizeni, wanangu, nyote wawili," alisema. "Kutojua si kosa. Wewe hukujua ulichokuwa unapanda. Mimi sikujua mbegu ni nzima. Hata yule nzi mwenyewe hajui alichobeba. Lakini sisi si nzi. Mtu akishajua, halafu akanyamaza ili mwenzake aubebe mzigo wake, hapo ndipo anapokuwa amekosa kweli. Ndiyo maana sikukuchapa siku ile, Chiriku. Ulikuja ukasema kabla hujaulizwa, tena ukaenda kukusanya kwa mikono yako mwenyewe ulichokisambaza. Ukweli uende na kazi. Ukweli peke yake haung'oi magugu."

Akainuka, akajifunga kitambaa chake vizuri, akawaambia washike upande wa pili wa kreti. Soko lilikuwa limeshaanza kuamka, na wanunuzi walikuwa wakiuliza kama nyanya za Mama Mkubwa zimefika.